Kijana, ukitaka kichwa kifanye kazi vizuri anzia getoni

Wengi tukisikia afya ya ubongo tunawaza wazee wanaosahau majina ya wajukuu. Kumbe ile sehemu ya mbele ya ubongo, ya kupanga mambo na kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka miaka 25 hivi, yani wa miaka 20 anayekesha na simu kwenye chumba cha moshi anauchosha ubongo ambao bado unajijenga. Mazoezi, usingizi na hewa vyote vinaugusa, ila mi nasema anza na chumba, maana ndo unapokaa masaa mengi na ndo hewa na usingizi vinapokutana. Naongelea geto za kupanga za Dar, chumba kimoja, dirisha moja, kila kitu humohumo.

Kwanza jiko la mkaa. Nawaomba sana, usipikie ndani unapolala na usiingize jiko lenye makaa hata kama moshi umeisha. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi wa kuonekana lakini unatoa gesi ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikijaa kwenye chumba kilichofungwa watu wanalala hawaamki. Mkiona mnaumwa kichwa wote kwa pamoja, kizunguzungu, kichefuchefu, tokeni nje hapohapo, maswali baadae, then hospitali. Mfuko ukiruhusu changeni wawili mpate mtungi wa gesi wa kilo 6, na bado ufungue dirisha ukipika. Maharage yanayokaa sana jikoni yabandike nje kwenye mkaa.

Halafu ile dawa ya mbu ya kuchoma, ya mduara. Inaungua usiku mzima pembeni ya kichwa chako na moshi wake una chembe laini zilezile za kwenye mkaa na moshi wa magari. Zinaitwa PM2.5, ni ndogo kama mara 30 kuliko upana wa unywele, zinashuka chini kabisa kwenye mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Mwaka 2016 watafiti walitoa ripoti kuwa wamekuta chembe za madini ya chuma kwenye ubongo wa watu wa Mexico City na Manchester, na umbo lake lilionyesha zimetokana na vitu vinavyoungua kwa joto kali kama kwenye injini. Hiyo iliniogopesha kweli. Kwahiyo tumia chandarua, chomeka vizuri chini ya godoro, weka wavu dirishani, hapo unaweza kulala dirisha likiwa wazi na kwa joto la Dar la Januari hilo peke yake linaokoa usingizi. Jirani akichoma taka na plastiki jioni funga, subiri moshi uishe, fungua tena, na kesho yake muongee kwa upole kuhusu gari la taka.

Usingizi wenyewe, umri wa miaka 18 mpaka 25 unahitaji masaa 7 mpaka 9. Ukiwa umelala ndo ubongo unatunza ulichojifunza mchana. Kinachotumaliza ni bando la usiku, bei rahisi basi mtu anakaa macho mpaka saa tisa ili asilipoteze. Fanya hivi, weka video zijidaunlodi zenyewe, simu iache kwenye chaji karibu na mlango mbali na kitanda, oga maji ya baridi, lala. Amka muda uleule hata Jumapili. Na zile soda za eneji, nusu ya kafeini yake inakuwa bado mwilini kama masaa matano baadae, ukinywa saa moja jioni basi saa sita usiku bado inakukesha, mwisho wako uwe saa nane mchana.

Mazoezi sasa. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, yani nusu saa siku tano, na kutembea haraka kunahesabika ilimradi uweze kuongea ila kuimba kukushinde. Faida haisubiri mwezi, siku hiyohiyo umakini unapanda na mawazo yanapungua. Ila angalia unakimbilia wapi! Naona watu wanakimbia pembeni ya Barabara ya Mandela malori yamepanga foleni, na ukikimbia unavuta hewa nyingi zaidi tena kwa mdomo. Ingia mtaa wa ndani, ukisogea mita 200 au 300 kutoka barabara kubwa hewa inakuwa na afadhali. Coco Beach alfajiri, vilima vya Mlimani, uwanja wa shule. Dada zangu ambao njia si salama asubuhi, kamba ya kuruka uani inatosha kabisa.

Wa bodaboda, kitambaa cha mdomoni hakizuii hizo chembe, tafuta barakoa ya N95 inayobana vizuri pembeni.

Na wenye UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, wiki ijayo, msikeshe. Soma mpaka saa nne usiku, funga daftari, lala dirisha wazi, saa kumi na moja amka utembee dakika 20 kabla magari hayajawa mengi, ndo urudi upitie notsi.