Namna ya kufuatilia asili ya babu aliyekuja na manamba

Familia nyingi za Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro na Lindi zinajua jambo moja tu kuhusu mkubwa wao: alikuja na manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali, kukata mkonge. Alitoka wapi, mwaka gani, na kwa nini hakurudi kwao, hapo wanakwama. Wenyeji waliwadharau manamba, na wengi wao walipoamua kulowea walificha walikotoka au walijibandika kabila la jirani. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba kabila lililoandikwa kwenye karatasi ni dokezo tu, mpaka lithibitishwe na kitu kingine.

Anza na wazee waliobaki, hata kama ni wakwe au majirani wa kambi moja. Usifungue kwa "kabila letu ni lipi?" Utapewa jibu lililokwisha kuzoeleka. Uliza vitu vidogo: alihesabu kwa lugha gani akiwa peke yake, alikuwa na chale wapi, aliitwa nani kabla ya kubatizwa au kusilimu, mnyapara wake alikuwa nani, alikata mkonge au alikuwa kiwandani, kwenye korona (mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge). Halafu uliza ya msibani: watani waliokuja kuzika na kufanya vituko makaburini walikuwa kina nani? Utani ulitembea na misafara na kambi za kazi, na mgeni asiye na ndugu alizikwa na watani zake. Mzee aliyesahau kila kitu huwa bado anakumbuka waliomtania baba yake mbele ya jeneza.

Rekodi kwa simu, na kila faili lipe jina la msemaji, mahali na tarehe siku hiyohiyo. Mjukuu akikumbuka wimbo au matusi ya babu, mwombe aseme hivyohivyo bila kurekebisha, kisha wasikilizishe watu wa Kasulu, Songea au Newala. Matamshi yaliyoharibika bado yanatambulika na mwenye lugha.

Kabila hupotoka kwa njia zinazojulikana. Pwani, mtu yeyote wa bara aliweza kuitwa Mnyamwezi. Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, hivyo Mrundi aliyeandikishwa upande wa Kigoma angeweza kupita kama Muha bila shida. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji waliitwa Wamawia, na kwa kuwa jina hilo liliandamana na hofu na kejeli, wengine walijiita Wamakonde wa Newala tu. Na watoto waliozaliwa na mama Mbondei au Mzigua mara nyingi walikua wakijitaja kwa upande wa mama.

Ukimaliza hapo, tafuta miaka. Wazee hawatoi tarehe, wanatoa matukio, kwa hiyo tengeneza kalenda yako kabla ya mahojiano: Majimaji (1905 hadi 1907), Vita Kuu ya Kwanza (1914 hadi 1918), vita ya pili (1939 hadi 1945), Uhuru (Desemba 1961), Azimio la Arusha (1967). Akisema babu alilipwa rupia, uko kabla au karibu na 1921, wakati shilingi iliposhika nafasi yake. Akitaja SILABU, hiyo ni ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, iliyoanza 1944. Mkonge wenyewe uliingia nchini 1893, kwa hiyo hadithi ya babu kukata mkonge kabla ya hapo ina kosa mahali.

Pima njia pia. Reli ya kati ilifika Kigoma 1914, lakini haikuungana na ya Tanga mpaka 1963, kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipokamilika. Anayesema babu alipanda treni Kigoma miaka ya 1940 na kushukia Korogwe ameruka sehemu ya safari. Mwulize: lori, meli au miguu? Hapo ndipo majina ya kambi za njiani hutokea.

Kuna mtego kwenye hesabu ya muda wa kazi. Kadi ya kazi, yaani kipande, ilikuwa na nafasi za siku 30, na siku ilitiwa alama pale tu kazi aliyopangiwa mtu ilipokwisha. Ukiondoa Jumapili, ugonjwa na siku ambazo mafungu ya mkonge aliyopangiwa hayakutimia, kipande kimoja kilizidi mwezi wa kalenda. "Vipande kumi na viwili" si mwaka mmoja.

Kwenye karatasi, usipoteze muda mwingi na vyeti vya kuzaliwa vya wakati huo. Waafrika wachache walisajiliwa. Kama babu alikuwa Mkatoliki, nenda parokia alikooa. Kitabu cha ndoa hutaja alikobatizwa. Na parokia aliyobatizwa ilitakiwa kupewa taarifa ya ndoa na kuiandika pembeni ya jina lake, hivyo waweza kuifuata njia hiyo kutoka upande wowote. Omba kwa barua, taja jina la ubatizo na la nyumbani, na toa nafasi ya kukosea ya miaka 5 mbele na nyuma. Makarani waliandika walivyosikia: jaribu R penye L, na B penye V.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina vitabu vya wilaya na mafaili ya kazi. Majina ya vibarua mmojammoja ni nadra, lakini utaona shamba lipi lilichukua watu wa wapi. Soma kwa tahadhari: "wavivu" na "wazururaji" ni maneno ya mwajiri anayetaka serikali imletee watu wengine kwa ujira uleule. Malalamiko ya wenyeji nayo yana sababu zake, maana mashamba yalikwishachukua ardhi yao kabla mgeni hajashuka kwenye lori.

Usiweke mtandaoni nchi aliyotoka babu bila ridhaa ya ukoo mzima. Sheria ya uraia ya 1961 iliangalia alikozaliwa mtu na alikozaliwa mzazi wake, na mpaka leo maswali ya namna hiyo huulizwa kwenye vitambulisho. Weka nakala mbili: kamili ya ndani, na fupi ya kusambaza.

Ukipata kijiji cha asili, kumbuka operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu, hivyo ulizia kwa jina la mto, mlima au mtemi badala ya kitongoji. Pita kwa mwenyekiti kwanza, nenda na picha ya babu, na sema mapema kabisa kwamba hukuja kudai shamba. Usiposema, mazungumzo yatakuwa mafupi.