Ukiombwa kumwekea mtu kasi, kubali
Unajiandaa kwa marathoni yako na rafiki anakuomba umwekee kasi, yaani umwongoze mbioni kwa mwendo anaoulenga? Kubali, mradi mwendo wake uwe wa polepole kuliko wako. Mimi nalenga kumaliza kwa saa 3 na dakika 20. Nikiongoza kundi la saa 4, yaani dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita, zile kilomita 42 zinakuwa mazoezi yangu ya mbio ndefu.

Ila siku hiyo ni ya wale unaowaongoza. Hapa Nakuru mtihani ni mteremko: ukishuka kutoka Milimani kuingia mjini miguu inajikimbilia yenyewe, halafu waliokufuata wanakuja kulipa kwenye mlima. Sikiliza pumzi zao kuliko saa ya mkononi. Kwenye meza ya maji punguza mwendo, geuka, hesabu watu wako, msubiri aliyedondosha chupa. Hata Eliud Kipchoge, alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, alisaidiwa na waweka kasi 41 waliopokezana, na nadhani kazi yao haikusifiwa vya kutosha.

Kisha pumzika. Mimi huacha angalau wiki 5 kabla ya mbio zangu mwenyewe.