Namna ya Kufuatilia Meli Iliyozama Baada ya Vita Kuu Kumalizika

Anayetafuta habari za meli iliyozama vita vikiwa vinaendelea ana wasaidizi wengi, kwa maana zipo orodha za manowari zilizopigwa, taarifa za misafara, na hata kumbukumbu za nyambizi za adui zilizoandika saa na mahali kombora lilipofyatuliwa. Meli iliyozama wiki saba au miaka mitatu baada ya bunduki kunyamaza haina bahati hiyo. Waandishi wa vita walikuwa wamekwisha kufunga daftari lao, na magazeti ya wakati wa amani yalikuwa na mengine ya kuandika. Maelezo haya ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuifuata meli ya namna hiyo hatua kwa hatua, hasa iwapo ndani yake alikuwamo mtu wa ukoo wake. Mifano nitakayotoa ni ya meli za Uingereza na Ufaransa, kwa sababu nyaraka zao ndizo zilizohifadhiwa na kufunguliwa kwa wingi, na kwa sababu Waafrika wengi walisafirishwa au waliajiriwa katika meli za mataifa hayo.

Kwanza hakikisha kwamba tukio lenyewe kweli lilitokea baada ya vita. Kumbukumbu ya nyumbani hushika kilio kuliko tarehe. Katika Afrika Mashariki, familia ilipata habari ya msiba pale barua ilipofika, au pale wenzake marehemu waliporudi na yeye asirudi, na kwa hiyo msiba huwekwa katika mwaka wa kurudi kwa askari. Meli ya Khedive Ismail iliyobeba askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki kutoka Kilindini kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldivi tarehe 12 Februari 1944, ikapoteza watu 1,297. Ukiambiwa kwamba babu alizama "vita vilipokwisha" akiwa njiani kwenda upande wa Ceylon au Burma, anza kwa kuiangalia meli hiyo kabla ya kuhangaika na miaka ya 1946 na 1947. Majina ya askari hao wasio na makaburi yameandikwa katika mnara wa kumbukumbu uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi.

Ukisharidhika na mwaka, tafuta kwa tarehe na kwa bandari ambayo meli iling'oa nanga. Jina la meli liache kwanza, hata kama unalo. Ushauri huu huwashangaza watu, lakini sababu yake itaonekana ukiitazama Iolaire. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1919, wiki saba baada ya mapigano kusitishwa, meli ndogo ya jeshi la majini la Uingereza iliyoitwa Iolaire ilitoka Kyle of Lochalsh ikiwarudisha nyumbani mabaharia wa akiba wa kisiwa cha Lewis, huko Uskoti. Saa nane kasoro dakika tano usiku ilipanda miamba ya Holm, taa za bandari ya Stornoway zikionekana, na nchi kavu ikiwa umbali wa mita ishirini hivi. Sasa mtafiti anayefungua daftari la meli na kusoma historia ya "Iolaire" ya miaka ya vita atakuwa anasoma habari za chombo kingine kabisa. Meli iliyozama ilikuwa ikiitwa Amalthaea mpaka Novemba 1918, ilipobadilishana jina na Iolaire ya kwanza, iliyokuwa ikitumika kama meli ya kituo cha Stornoway, kwa kuwa kituo chenyewe kilikuwa na jina hilo na chombo kipya kilipokuja kilikabidhiwa jina pamoja na kazi. Iolaire ya kwanza iliendelea kuelea salama. Tarehe na bandari zingekufikisha kwenye chombo sahihi, ilhali jina lingekupoteza.

Kubadilishwa majina kulizidi sana baada ya vita zote mbili, kwa sababu serikali ziliuza meli zake, washindi waligawana meli za walioshindwa, na kila mwenye mali mpya alitaka jina lake. Heimara ya Ugiriki, iliyozama tarehe 19 Januari 1947 na kuua watu zaidi ya 380, ilikuwa meli ya Kijerumani iliyoitwa Hertha. Kwa meli za Uingereza iko dawa nzuri: kila meli iliyoandikishwa ilipewa namba rasmi ambayo haikubadilika hata jina lilipobadilika mara tatu. Ukiipata namba hiyo, iandike juu kabisa ya ukurasa wako, na uitumie katika kila barua.

Hatua inayofuata ni kuuliza chanzo cha ajali, kwa sababu chanzo ndicho kinachoamua ni ofisi gani iliyohifadhi karatasi. Jambo la kwanza la kufikiria ni mabomu ya kutegwa baharini. Mwaka 1918 Marekani na Uingereza zilitega zaidi ya mabomu 70,000 kati ya Uskoti na Norway, na kuyasafisha kuliwachukua mabaharia sehemu kubwa ya mwaka 1919. Baada ya vita ya pili hali ilikuwa hivyo hivyo, hata manahodha wakapewa vitabu vya njia zilizosafishwa na kuonywa wasitoke nje yake. Meli ya abiria ya Denmark, Kjøbenhavn, iligonga bomu la namna hiyo tarehe 11 Juni 1948, miaka mitatu baada ya Ujerumani kusalimu amri, na watu 48 wakafa. Katika mlango wa bahari wa Corfu, manowari za Uingereza Saumarez na Volage ziliharibiwa na mabomu tarehe 22 Oktoba 1946, zikapoteza mabaharia 44, na shauri lake dhidi ya Albania likawa la kwanza kuamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Kesi ikifika mahakamani ni neema kwa mtafiti, kwa maana ramani, ushahidi na mahojiano yote huchapishwa.

Hata hivyo usikimbilie kulilaumu bomu. Ndugu wa marehemu hupenda maelezo hayo, kwa kuwa kufa kwa silaha ya adui kuna heshima kuliko kufa kwa uzembe wa msimamizi. Iolaire haikuguswa na bomu. Ilikuwa na watu wapatao 280, ilhali mashua zake zilitosha watu 100 tu na makoti ya kuelea yalikuwa 80. Mabaharia walikuwa wengi kituoni, sikukuu ilikuwa imefika, na kila mmoja alitaka kufika kwao.

Kutokana na chanzo utajua ni uchunguzi gani ulifanyika, na mara nyingi utakuta umefanyika zaidi ya mara moja. Soma yote. Kuhusu Iolaire, jeshi la majini lilikaa faraghani tarehe 8 Januari 1919 na kusema kwamba haliwezi kuamua nani wa kulaumiwa, kwa kuwa hakuna afisa aliyesalia kutoa maelezo. Mwezi Februari lilikaa baraza la wazi mjini Stornoway, raia wakiwa wazee wa baraza, nao wakaona kwamba maafisa hawakuchukua tahadhari ya kutosha walipoikaribia bandari, kwamba meli haikupunguza mwendo, na kwamba vifaa vya kuokolea vilikuwa pungufu. Mashahidi walitoka katika ajali ile ile, lakini hukumu mbili hazifanani. Ningekuwa na nafasi ya kusoma moja tu ningechagua ya baraza la wazi, kwa sababu mashahidi wake walikuwa watu waliotoka majini wenyewe. Mmojawapo wa walionusurika, John F. Macleod, aliogelea mpaka ufukweni akiwa na kamba, na kwa kamba hiyo watu wapatao 40 walivutwa wakaokoka.

Karatasi zenyewe ziko wapi? Kwa meli za biashara za Uingereza, anzia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London, na uombe fungu la BT 334, ambamo mna daftari za mabaharia na abiria waliofia baharini kuanzia 1891 hadi 1972. Orodha za mabaharia wa kila safari zimegawanyika: nyingi za kabla ya 1939 zilipelekwa Chuo Kikuu cha Memorial kule Newfoundland, Kanada, badala ya kuchomwa moto. Watu wengi hukata tamaa Kew bila kujua kwamba wanachokitafuta kimevuka Atlantiki.

Jihadhari na namna majina ya watu wetu yalivyoandikwa. Karani wa bandari aliandika alichokisikia, na kama alikuwa na haraka aliandika nusu yake. Mtu aliyeitwa Hamisi bin Juma anaweza kuwa Amis, Hamees au Khamis, na "bin" ikageuzwa kuwa jina la ukoo, hivyo ukamkuta chini ya herufi B. Andika pembeni namna zote unazoweza kuzifikiria, kisha utafute kwa umri, kazi na mahali alipozaliwa. Mahali pa kuzaliwa hukosewa mara chache kuliko jina, ingawa "Zanzibar" wakati mwingine ilimaanisha pwani yote.

Meli iliyotoweka bila kuacha hata ubao ina njia yake. Kwa desturi ya Lloyd's ya London, yaani soko la bima za meli, meli isiyosikika kwa muda mrefu ilitangazwa rasmi kuwa imepotea, na tangu siku hiyo bima ililipwa na mabaharia wakahesabiwa kisheria kuwa wamekufa. Tarehe ya tangazo huwa nyuma ya tarehe ya ajali kwa wiki au miezi, kwa hiyo usizichanganye. Mfano mzuri ni Samkey, mojawapo ya meli za shehena zilizojengwa haraka Marekani wakati wa vita ya pili na kukabidhiwa Uingereza. Iliondoka London Januari 1948 kwenda Cuba bila shehena, ikiwa na mabaharia 43, na ujumbe wake wa mwisho wa redio ulipokelewa tarehe 31 mwezi huo. Haikuonekana tena. Hapa ndipo penye mtego, kwa maana palipo kimya watu hujaza hekaya.

Wachunguzi waliiendea ngama, yaani tumbo la meli. Samkey ilikuwa imepakiwa farumi ya kokoto na mchanga wa mto Thames ili isiyumbe ikiwa tupu. Anayejua jahazi anajua kwamba farumi isiyozuiwa vizuri ni adui aliyelala chini ya miguu, kwani chombo kikilala upande nayo huteleza upande huo huo, na chombo hakiinuki tena. Lakini hayo yangebaki kuwa dhana kama si meli ya pili. Septemba 1948 meli ya aina ile ile, Leicester, iliyobeba farumi ya aina ile ile, ilikumbwa na kimbunga katika Atlantiki ikalala ubavu. Mabaharia wengi waliokolewa, meli haikuzama, na baadaye ilivutwa mpaka Bermuda, farumi ikiwa imejikusanya upande mmoja kama ushahidi uliofungwa kwenye sanduku. Kwa kuiangalia Leicester, wachunguzi waliweza kusema ni nini kilichoimaliza Samkey. Jifunze mbinu hiyo: meli yako ikiwa kimya, tafuta dada zake, yaani vyombo vya muundo mmoja, shehena moja na msimu mmoja, uone vyenyewe vilipatwa na nini.

Baada ya meli, fuata watu, na hapa tarehe zina uzito wa kisheria. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola haihesabu vita kuwa vilikwisha siku ya shangwe. Kwa vita ya kwanza inahesabu waliokufa mpaka tarehe 31 Agosti 1921, na kwa vita ya pili mpaka tarehe 31 Desemba 1947. Askari au baharia wa jeshi aliyekufa ndani ya muda huo akiwa bado kazini anaingia katika orodha yake hata kama alizama kwa dhoruba, na ndiyo maana wafu wa Iolaire wamo. Baharia wa meli ya biashara ana sharti zaidi, yaani kifo chake kiwe kimetokana na vita, mathalani bomu lililotegwa. Kwa hiyo wale 43 wa Samkey usiwatafute huko. Utawapata katika daftari za BT 334.

Kwa upande wa Ufaransa, mfano unaoniuma ni wa meli Afrique. Iliondoka Bordeaux tarehe 9 Januari 1920 ikielekea Dakar na bandari nyingine za Afrika Magharibi, ikiwa na watu 602, miongoni mwao askari 192 wa Kisenegali waliokuwa wakirejea makwao. Maji yaliingia katika chumba cha injini, pampu zikashindwa, na usiku wa kuamkia tarehe 12 ikazama karibu na kina kifupi cha Rochebonne, nje ya pwani ya magharibi ya Ufaransa. Waliosalia ni 34. Orodha ya meli kama hiyo huenda isimtaje kila askari kwa jina. Katika hali kama hiyo usitegemee orodha ya meli peke yake. Tafuta pia daftari za kikosi, na uangalie hazina ya majina ya Wizara ya Ulinzi ya Ufaransa iitwayo Mémoire des hommes.

Hesabu zikitofautiana, usichague iliyo kubwa kwa sababu inasikitisha zaidi. Kuhusu Iolaire maandishi ya zamani yalitaja vifo 205, na utafiti wa baadaye ukafikia 201, kwa kuwa hapakuandikwa orodha ya kuaminika ya waliopanda pale Kyle, na watafiti walilazimika kupita kijiji kwa kijiji wakihesabu majina. Andika namba zote mbili, na kando ya kila moja andika ulikoitoa.

Ukifikia kuandika barua kwa hifadhi, iwe fupi: namba rasmi ya meli, majina yake yote, bandari iliyotoka, siku iliyotoka, siku iliyosikika mara ya mwisho, na jina la mtu wako katika tahajia zote ulizokusanya. Ombi moja liwe katika barua moja. Omba nakala ya ukurasa mzima badala ya mstari mmoja tu wenye jina lake, kwa sababu mara nyingi jirani yake katika orodha ni mtu wa kijiji kimoja naye, aliyeandikishwa asubuhi ile ile na karani yule yule.