Unauza Dodoma? Chagua mtandao wa kijamii kwa kuangalia mteja

Kama unauza zabibu au karanga pale soko la Majengo usikimbilie kufungua akaunti kila mahali, utachoka bure. Jiulize kwanza unamuuzia nani. Unawataka wanafunzi wa UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma? Nenda TikTok na Insta, piga video fupi, onyesha mzigo wenyewe na bei uiandike hapohapo, hii ya "njoo DM" (niulize bei kwa meseji ya pembeni) inakera watu jamani. Watumishi wa serikali walioko Mtumba na akina mama wa mtaani wabebe na WhatsApp Business, ni bure, unaweka katalogi yenye picha na bei, na status inakaa masaa 24 tu kwahiyo posti kila asubuhi. Facebook iwepo kwa ajili ya magrupu. Na kwenye profaili sema kabisa kama unapeleka mzigo mpaka mitaa kama Nkuhungu na hela ya boda analipa nani.