Kuokota kombe, chaza na pweza bila kuimaliza pwani

Anza na mwezi mwandamo. Pwani ya Unguja, Pemba, Tanga hadi Lamu, maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, hutoka mbali mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata huwa ndizo bora zaidi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hufika takriban mita 4 wakati wa bamvua; maji mafu hayazidi sana mita 1, na siku hizo hakuna cha maana cha kuokota. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba. Kwa upande wa Unguja, maji ya bamvua hupwa asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi.

Teremka saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yanavyotoka. Yakigeuka, geuka nayo. Saa ya kwanza hupanda kwa unyonge na watu hudanganyika; saa ya tatu na ya nne ndizo zinazoleta nusu ya maji yote, yaani karibu mita moja kwa saa kwenye bamvua kubwa. Wengi wanaokwama hawakwamishwi na maji ya mbele yao. Hukwamishwa na mfereji waliouvuka asubuhi ukiwa mkavu, ambao hujaa kabla ya fungu la mchanga walilosimama.

Vaa raba za soli ngumu. Chukua ndoo au pakacha, kisu kifupi, fimbo, glavu, maji ya kunywa na kipimo: pete ya waya mnene yenye tundu la sentimita 5. Jembe na nondo viache nyumbani.

Kombe, yule wa magamba mawili, hukaa kwenye mchanga wenye changarawe na pembezoni mwa majani ya bahari, nusu ya mwili imezikwa na mdomo ukionekana kama mstari mwembamba. Mtoe kwa vidole. Akishikilia jiwe kwa nyuzi zake, mzungushe taratibu, usimvute kwa nguvu. Mpitishe kwenye pete; akipita, ni mdogo, arudi palepale alipotoka. Kurudi maana yake kumkalisha mdomo juu na kumdidimiza mpaka nusu. Ukimtupa tu akaanguka chali kwenye mchanga mkavu, jua au ndege watammaliza, na hapo umemuua bila kumla.

Ukubwa peke yake hautoshi, na hapa ndipo fungu nyingi zimeharibikia. Kombe hawakutani ili kuzaa: dume humwaga mbegu majini, jike humwaga mayai, na mbegu hufikia mayai pale tu wanapokaa karibu. Fungu likibaki na kombe mmoja hapa na mwingine hatua ishirini mbele, kwa macho lina kombe, lakini halizai tena. Kwa hiyo usifagie eneo. Chukua wachache, piga hatua kumi, chukua tena, na kila mahali wanaobaki wawe wengi kuliko waliomo ndooni. Wakubwa sana pia waachwe baadhi, maana mmoja wao hutoa mayai mengi kuliko wadogo kadhaa kwa pamoja. Fungu lililokwisha kupungukiwa na kombe lipumzishwe mwaka mzima au zaidi. Miezi miwili haisaidii kitu.

Ukifunua jiwe, lirudishe upande uleule. Viumbe wa chini yake hawavumilii jua, na mimea ya juu yake haiishi gizani. Jambo la sekunde tatu, na bado ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Chaza wa mwambani na wa mizizi ya mikoko wana kanuni yao. Mfungue hukohuko aliko: ingiza ncha ya kisu kwenye ungio, sukuma, toa gamba la juu na nyama, gamba la chini libaki limeganda. Chaza wachanga hutafuta gamba la chaza ili washike. Anayebandua gamba zima kwa nyundo huondoa na kitanda chao, na anayekata mzizi wa mkoko ili abebe shada zima la chaza huua vyote viwili.

Sasa pweza. Utamjua kwa mlango wake: maganda ya kaa na ya kombe yaliyotupwa nje, mchanga uliosukumwa karibuni, na mara nyingi vijiwe vilivyopangwa tunduni. Chokoa kwa fimbo polepole. Ataishika, nawe umvute kidogo kidogo. Akikataa, mwache. Kuvunja mwamba ili umpate ni hasara kubwa, kwa sababu matumbawe ya mawe hukua takriban sentimita moja tu kwa mwaka, na tundu zuri huingiwa na pweza mwingine baada ya huyu kuondoka. Utupa (mmea wa sumu ya kuvulia), sabuni na dawa ya madoa huua kila kilichomo humo, pamoja na watoto wa samaki.

Kanuni za uvuvi za Tanzania hazitaki pweza wa chini ya nusu kilo. Mizani huwezi kuitumia akiwa tunduni, basi kadiria: kichwa kisichofika ngumi ya mtu mzima, mwache akue. Hatachukua muda, kwani pweza wa kwetu huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tu. Ndiyo maana kufunga mwamba kwa miezi kadhaa kunafaa kwa pweza, kama ilivyoanza kufanyika Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Udhaifu wake ni siku ya kufungua: kijiji kizima kikishuka pamoja bila mpango, faida huishia siku ileile. Na ukichungulia ukaona mashada ya mayai yananing'inia darini mwa tundu, huyo ni jike anayelinda. Akichukuliwa, mayai yote huliwa.

Kabla ya kwenda mahali pageni, uliza kamati ya wavuvi ya shehia kwa Zanzibar, au BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) kwa Kenya na Tanzania bara, ni sehemu gani imefungwa. Ndani ya hifadhi kama kisiwa cha Chumbe, Unguja, hakuna kuokota hata ganda tupu.

Vya kuacha kabisa: konokono wa bahari mwenye umbo la pia, hata akiwa mzuri vipi, kwani ana mwiba wa sumu unaoweza kuua mtu. Bunju, samaki anayejivimbisha, haliwi kwa namna yoyote, ni sumu tupu. Kasa, mbali na kulindwa na sheria, nyama yake inaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupika. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, iliua watoto 8 na mtu mzima mmoja. Ukichomwa na samaki taa, yule mwenye mwiba mkiani, au na yule samaki anayefanana na jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto yasiyounguza (mwenzako ayapime kwa mkono wake), kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku ukitafutiwa usafiri wa hospitali.

Kombe na chaza huchuja maji, hivyo humeza uchafu wote wa maji hayo. Usiokote karibu na mdomo wa mtaro wala siku chache baada ya mvua kubwa ya masika. Waloweke kombe kwenye maji safi ya bahari kwa muda wa saa tatu au usiku kucha, ukibadilisha maji, wateme mchanga. Maji ya bomba huwaua kabla hawajautema. Aliyefunua mdomo na asiufunge ukimgonga, tupa. Chemsha, na baada ya kufunguka wape dakika tano zaidi. Maji yakiwa na rangi nyekundu au kahawia isiyo ya kawaida usiokote kabisa, kwa sababu sumu ya namna hiyo moto hauiwezi.

Pweza mponde kwanza, au mgandishe usiku mmoja kwenye friza, kisha mpike kwa maji yake mwenyewe, kilo moja kwa dakika 45 hadi saa nzima. Chumvi na tui viingie akishalainika.

Ukipanda ufukweni na ndoo nyepesi, angalia mboga ya pwani, ile inayotambaa mchangani kwa majani manene yenye maji. Kata ncha za vidole vinne, mizizi ibaki kushika mchanga. Ina chumvi nyingi: chemsha dakika tano, mwaga maji, rudia, ndipo uunge kwa nazi. Onja kabla ya kufikiria kuongeza chumvi.