Mkate wa kahawia wa Kiayalandi haukandwi

Mkate huu hauna hamira wala haungoji kuumuka, kwa hiyo sahau kabisa ule mkono wa maandazi. Kinachouinua ni bekingi soda ikikutana na uchachu wa mtindi, na kazi hiyo huanza papo hapo vinapogusana. Ndiyo maana oveni iwashwe kwanza, nyuzi 200, kabla hujamimina mtindi.

Changanya gramu 350 za unga wa ngano isiyokobolewa na gramu 100 za unga mweupe wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha soda. Soda ichekeche, maana kibonge kikibaki utakitafuna kichungu. Mimina mililita 400 za mtindi katikati, tanua vidole na uzungushe mpaka unga wote ushikane. Basi, ishia hapo! Donge litanata na kuonekana la hovyohovyo, ndivyo linavyotakiwa. Ukilikanda, mkate unakuwa mgumu. Ngano ya Ayalandi ni laini, haivutiki sana, na ndiyo sababu soda ilipoingia huko karne ya 19 ilifaa kuliko hamira.

Liweke kwenye trei iliyonyunyiziwa unga, ulikate msalaba wa kina kwa kisu ili katikati paive. Dakika 40 hadi 45, kisha ugeuze na ugonge chini: ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, tayari. Anayependa ganda laini aufunge kwa kitambaa safi ukiwa bado wa moto. Uliwe siku hiyohiyo, na siagi usiibanie.