Kuingiza gari kwenye pantoni ya Kigamboni: anza na tani

Nina Canter ya kubebea tofali na mchanga, na kati ya Magogoni na Kigamboni navuka karibu kila siku. Wageni huniuliza pantoni inabeba magari mangapi. Ulizeni kwanza tani.

Chukua MV Kazi: abiria 800, magari 22, tani 170. Magari madogo 22, kila moja tani moja na nusu, ni tani 33. Watu 800 wa kilo 70 ni tani 56. Jumla 89, chombo kinapumua. Sasa yatoe hayo magari, uweke malori manne yaliyoshiba kokoto, tani 30 kila moja. Ni 120, ukijumlisha na watu, 176. Umeshazidisha, na sakafu bado ina uwazi! Ndiyo maana unazuiwa langoni huku nafasi unaiona. Usigombane na yule kijana anayekuzuia. MV Magogoni ni habari nyingine: abiria 2,000, magari 60, tani 500.

Anayedhani hizi ni namba za kupamba ukuta akumbuke MV Nyerere, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018. Kilikuwa kivuko cha watu 101 na tani 25. Waliokufa walizidi 220.

Haya, twende. N-Card, kadi ya kulipia nauli, iwe na salio kabla hujafika getini. Ukianza kulitafuta pale utapigiwa honi na foleni nzima, na mojawapo itakuwa yangu. Abiria wako washuke, wapande kwa miguu.

Halafu tazama maji. Yakijaa, lango la pantoni, lile bamba la chuma unalopitia kuingia, hulala karibu sawa na gati. Yakipwa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huinama, na gari la chini hukwaruza. Nililijua hilo kwa gharama ya bampa ya Noah ya shemeji. Ingia ukiwa umenyooka, gia namba moja, mguu mwepesi kwenye mafuta. Chuma kilicholowa kinateleza, kwa hiyo usishtue breki katikati ya mteremko.

Ndani mfuate anayepanga magari hata kama unaona pengo zuri zaidi. Uzito lazima ugawanywe, chombo kisilalie upande mmoja. Kunja saiti mira mapema, vuta hendibreki, acha gari kwenye gia, zima injini, teremsha vioo. Kisha angalia jaketi okozi zilipo. Safari ni ya dakika chache, ndiyo maana hakuna anayeziangalia.

Pantoni ina lango huku na huku, hutoki kwa rivasi. Subiri lango liguse gati na waenda kwa miguu wapite, ndipo uwashe.

Nikiwa na mchanga mbichi siendi feri kabisa. Nazungukia Kurasini, Daraja la Nyerere, mita 680, lililofunguliwa 2016. Kule nako nalipia, lakini mchanga uliolowa una uzito ambao hata mwenye machimbo hakutajii.